Uchambuzi kwanza au mchoro kwanza? Ulinganisho kwa anayetaka kujenga mfumo

Bahasha mbili zilikuwa mezani. Chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 412 kilikuwa kimeamua kuachana na madaftari, na bodi ikaniita nisome mapendekezo ya timu mbili za watengenezaji wa programu kisha niwashauri. Bei zilikaribiana na tarehe za kukabidhi kazi zilikaribiana. Tofauti ilikuwa namna kila timu ilivyotaka kuanza.

Timu ya kwanza iliomba wiki 6 za uchambuzi kabla ya kuandika mstari hata mmoja wa msimbo. Wangehoji bodi, watumishi na wanachama, wangeandika waraka wa mahitaji, waraka ungesainiwa, ndipo ujenzi uanze. Timu ya pili ilikuja na mchoro wa usanifu uliokwisha kukamilika, yaani picha ya sehemu za mfumo na jinsi zinavyoungana. Ulikuwa na huduma 6, yaani programu ndogo zinazojitegemea: wanachama, akiba, mikopo, hisa, SMS na ripoti. Kila moja ilikuwa na kanzidata yake, yaani ghala lake la data. Zinawasiliana kwa foleni ya ujumbe, ambamo moja huacha ujumbe na nyingine huuchukua ikiwa tayari, na zote zinaendeshwa kwa Kubernetes, programu ya kusimamia huduma nyingi kwa pamoja, kwenye wingu, yaani seva za kukodi kwa mtandao. Hawa walikuwa tayari kuanza Jumatatu.

"Sasa mtaalamu, tumchukue nani?" mwenyekiti akauliza.

Nimeona mifumo iliyokufa kwa sababu hakuna aliyekaa chini kusikiliza wenye kazi. Nimeona pia mifumo ambayo haikuzaliwa kabisa, waraka wa mahitaji ukiwa bado unazungushwa kutafuta saini. Kwa hiyo sikumjibu siku ile. Niliomba siku mbili, moja ya kukaa ofisini kwao na moja ya kusoma tena mapendekezo. Yaliyopo hapa chini ni niliyoyapata, pamoja na kesi nyingine chache zinazojulikana, kwa ajili yako unayelipia mfumo au unayeujenga.

Uchambuzi unakupa nini

Mweka hazina wa chama ni mama wa makamo aliyeshika daftari lile kwa miaka 11. Nilimwamkia, akanivutia kiti karibu na meza yake, akaendelea na kazi. Wanachama walikuwa wanaleta marejesho ya mikopo. Kila aliyeleta fedha alipewa stakabadhi, na jina lake likaandikwa daftarini kwa penseli.

"Mama, mbona unatumia penseli?"

"Mwanangu, hii fedha bado haijawa ya chama. Ijumaa tunahesabu sanduku, mimi na katibu na mjumbe mmoja wa kamati. Ikilingana napitisha kalamu ya wino juu yake. Isipolingana tunarudi kwenye stakabadhi mpaka tujue imepotelea wapi. Na fedha ya penseli haikopeshwi."

Nikafungua tena mapendekezo yote mawili. Katika yote, muamala ulikuwa na hali moja tu, yaani umeingia. Hakuna aliyejua kwamba kati ya Jumatatu na Ijumaa kuna fedha iliyopokelewa ambayo haijathibitishwa, na kwamba watu watatu ndio wenye mamlaka ya kuithibitisha. Jambo hili linagusa umbo la kanzidata yenyewe. Ukiweka safu moja ya salio inayoandikwa upya kila fedha inapoingia, umeshapoteza tofauti ya penseli na wino. Unachohitaji ni leja ambamo kila tukio linaongezwa chini ya lililotangulia, halifutwi, na salio linapatikana kwa kujumlisha. Kugeuza safu ya salio kuwa leja baada ya mwaka mzima wa kazi ni kujenga msingi upya huku watu wanaishi ndani ya nyumba.

Hiyo ndiyo thamani ya uchambuzi. Angalia lakini ilikopatikana. Bodi nzima ilikuwa imeshahojiwa na timu zote mbili na hakuna mjumbe aliyetaja penseli. Kwao ni jambo la kawaida kama kufunga mlango jioni. Lilionekana kwa aliyekaa kando ya meza.

Kuna kesi kubwa ya aina hii ambayo wengi wetu tunaitumia kila siku. M-Pesa ilianza kwa majaribio nchini Kenya Oktoba 2005, pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu, ikiwa na watumiaji wasiofika 500. Lengo lilikuwa mkopaji arejeshe mkopo wake kwa simu. Waliopewa huduma ile wakaanza kuitumia kwa mambo mengine. Walitumiana fedha wao kwa wao, walilipana kwenye biashara, na wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari na kuitoa walikofika ili wasisafiri na noti mfukoni. Marejesho ya mikopo, ambayo ndiyo yalikuwa shabaha, yaligongana na utaratibu ambao vikundi vya wakopaji na taasisi yenyewe walikuwa nao wa mikutano na mahesabu. Ilipozinduliwa Machi 2007, ilikuja kama huduma ya kutuma fedha nyumbani.

Mahojiano yasingeweza kuleta jibu lile. Ukimuuliza mkopaji kuhusu mkopo, atakujibu kuhusu mkopo. Ilibidi kitu kidogo kifanye kazi mikononi mwa watu wachache, na kuwe na mtu wa kutazama. Huo nao ni uchambuzi, ingawa hauna waraka. Na ona kilichobaki mahali pake baada ya lengo kubadilika: leja inayohamisha thamani kutoka akaunti moja kwenda nyingine, mawakala na floti yao, na menyu iliyomo ndani ya laini ambayo hata simu ya kitochi inaifungua. Bidhaa iligeuka, na sehemu ya chini ya mfumo ikaweza kuibeba bidhaa mpya.

Pale uchambuzi unapokula mradi

Wiki 6 zilizoombwa na timu ya kwanza zilinipa wasiwasi kwa sababu nyingine. Hazikuwa na orodha ya maswali. Zilikuwa na orodha ya watu wa kuhojiwa na idadi ya kurasa za waraka.

Nchini Marekani, shirika la upelelezi la FBI liliwahi kuagiza mfumo wa kusimamia majalada ya upelelezi ulioitwa Virtual Case File. Waraka wake wa mahitaji ulipita kurasa 800 na ulieleza mpaka muonekano wa kurasa na vitufe. Pamoja na unene wote huo, mahitaji yaliendelea kubadilika kazi ikiwa njiani. Mwaka 2005 mradi uliachwa, ukiwa umegharimu takriban dola milioni 170.

Waraka mnene una tatizo ambalo anayelipa halioni mapema. Unayaweka mambo yote katika uzito mmoja. Kitufe cha kurudi nyuma kinapata aya yake, na utaratibu wa kuthibitisha fedha unapata aya yake, vinafuatana kama ndugu. Msomaji, ambaye kwa chama chetu ni mwalimu mstaafu, mkulima wa kahawa na mama mwenye duka la vitenge, anachoka ukurasa wa 15 na kusaini. Sahihi ile haisemi kwamba ameelewa. Miezi 4 baadaye anaonyeshwa skrini na kusema kwa dhati kabisa, "Hivi sivyo tulivyokubaliana," na waraka unatolewa kabatini kuthibitisha kwamba alikubali. Kisheria timu imeshinda, lakini mfumo hautumiki.

Mchoro wa mapema unakupa nini

Watu wanaopenda uchambuzi huwa wanasema mchoro ni ushamba wa mafundi wanaotaka kucheza na teknolojia mpya. Sikubaliani nao. Mchoro nao huuliza, na baadhi ya maswali yake hakuna mwenye kazi atakayekuuliza.

Chora mstari mmoja tu, kutoka kwa mtoa huduma wa fedha kwa simu hadi kwenye seva ya chama. Mwanachama analipa marejesho kwa simu yake, na mtoa huduma anatuma ujumbe kwa seva kuthibitisha. Sasa jiulize: ujumbe ule ukija mara mbili? Hutokea. Seva yako ilichelewa kujibu, upande wa pili ukadhani haikupokea, ukatuma tena. Usipokagua namba ya muamala, mkopo wa mtu umepungua mara mbili kwa malipo ya mara moja. Na ujumbe usipokuja kabisa? Umeme ulikatika saa tisa mchana, seva ikazima, mwanachama anasimama dirishani na SMS yake mkononi na wewe kwenye mfumo huna kitu. Dawa ya la kwanza ni kanzidata kukataa namba ya muamala iliyokwisha kuingia. Dawa ya la pili ni kuchukua taarifa ya miamala kutoka kwa mtoa huduma kila siku na kuilinganisha na leja, mstari kwa mstari.

Mama mweka hazina asingeniambia haya hata ningekaa naye mwezi mzima. Kwenye daftari lake fedha haijawahi kufika mara mbili. Timu ya pili walikuwa wameyaandika yote mawili katika ukurasa wao wa 4, na timu ya wachambuzi hawakuwa nayo popote.

Kuna nyakati ambapo usanifu ndio tatizo lenyewe. DHIS2 ni mfumo wa takwimu za afya uliotokana na kazi iliyoanza Afrika Kusini mwaka 1994 na kuendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya ilipotaka kuutumia nchi nzima, mpango wa awali ulikuwa kuuweka kwenye kompyuta za wilayani, kila mahali na nakala yake. Uzoefu wa vituoni ukaonyesha jambo jingine. Kutunza nakala zilizotawanyika, pamoja na virusi vyake, matoleo yanayopishana na mafaili ya kuunganisha, kulikuwa mzigo mzito, ilhali modemu za mitandao ya simu zilikuwa zimeanza kufanya kazi vizuri hata nje ya miji. Mwaka 2011 nchi ikaenda kwenye seva moja ya kitaifa. Kwa mtandao unaokatikakatika, kivinjari kikawezeshwa kuhifadhi fomu mpaka mawasiliano yarudi. Ungeweza kuhoji maofisa takwimu kuhusu viashiria vya chanjo mwaka mzima usipate jibu hilo. Ilibidi mtu achomeke modemu na kujaribu.

Pale mchoro unapovaa nguo isiyo yake

Nikarudi kwenye huduma 6 za timu ya pili, nikatoa kalamu. Wanachama 412. Tuseme mwisho wa mwezi kila mmoja anafanya miamala mitatu hadi minne, tupandishe mpaka 1,500 kwa siku. Ofisi hukaa wazi kwa muda wa saa 8, ambazo ni sekunde 28,800. Huo ni muamala mmoja kila sekunde 19. Seva moja ya kawaida yenye PostgreSQL, programu ya kanzidata, hubeba mamia kwa sekunde moja. Chama kingekua mara mia na bado seva ile isingetoka jasho.

Kugawanya mfumo kuna gharama ambayo mchoro hauionyeshi, kwa sababu kwenye karatasi mishale haikatiki. Chukua rejesho moja la shilingi 60,000. Linagusa faini kama mtu amechelewa, kisha riba, kisha deni lenyewe, na kinachobaki kinaingia akiba. Mambo manne. Yakiwa ndani ya kanzidata moja, yanatokea yote au halitokei hata moja. Kanzidata yenyewe inakuhakikishia hilo. Yakiwa kwenye huduma tofauti, kila moja na kanzidata yake, unaweza kukuta faini imekatwa, riba imekatwa, na umeme ukaondoka kabla deni halijapungua. Sasa ni wewe wa kuandika msimbo wa kurudisha nyuma nusu iliyotendeka, na msimbo wa kushughulikia pale ambapo kurudisha nako kumeshindikana. Inawezekana, na mabenki makubwa yana watu wa kazi hiyo. Timu ile ilikuwa na watu watatu.

Hesabu ya pili ni ya kuwa hewani. Huduma moja ikiwa hewani asilimia 99 ya muda, kwa mwezi wa saa 720 unaikosa saa 7 hivi. Ombi likilazimika kupita huduma 6 za namna hiyo kwa mfuatano, unabaki na takriban asilimia 94, na saa za kukosa zinakaribia 42. Foleni ya ujumbe inapunguza hilo kwa baadhi ya kazi. Haipunguzi kwa mwanachama aliyesimama dirishani anayetaka kujua salio lake sasa hivi.

Hata wenye uwezo mkubwa wamerudi nyuma. Mwaka 2023 wahandisi wa Prime Video ya Amazon walieleza jinsi walivyochukua chombo chao cha kukagua ubora wa picha na sauti, kilichokuwa kimegawanywa vipande vipande, wakakiunganisha kuwa programu moja. Gharama ya kukiendesha ikashuka kwa zaidi ya asilimia 90. Wengi walisambaza habari ile kana kwamba huduma yote ya video iliunganishwa. Kilikuwa chombo kimoja, na tofauti hiyo ina maana: kampuni ileile inaendelea kugawanya mambo mengine, pale inapofaa.

Na kuna suala la watu. Melvin Conway aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata umbo la mawasiliano ya wale wanaoutengeneza. Timu 6 zinazofanya kazi mbalimbali zinaweza kuhitaji huduma 6 ili zisikanyagane. Watu watatu waliokaa meza moja wakila chapati moja hawana wa kuwatenga.

Swali linalobadili mchoro

Nilipoweka karatasi zote mbili ubavu kwa ubavu, niliona kwamba kubishania nani aanze kunatupotezea muda. Kila swali ambalo uchambuzi unaweza kuuliza lipimwe kwa kipimo kimoja: jibu lake likiwa tofauti na ninavyodhani, mchoro utabadilika? Kama utabadilika, liulizwe sasa, kwa nguvu zote, hata kama linachukua wiki. Kama hautabadilika, liache. Utalijua likifika, na kulirekebisha kutachukua mchana mmoja.

Kipimo hicho kinafanya kazi upande wa pili pia. Kila uamuzi wa usanifu uulizwe unajibu tatizo gani lililoonekana. Leja isiyofutwa inajibu penseli. Ulinganishaji wa kila siku unajibu ujumbe uliopotea. Kubernetes kwa chama kile haikujibu kitu, ikaondoka.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Miaka kadhaa kabla ya hapo nilijengea kikundi kingine mfumo, nikatumia namba ya simu kuwa utambulisho wa mwanachama. Ilikuwa rahisi, kila mtu anayo. Sikuuliza swali lolote kuhusu simu zao. Baadaye wakaja mke na mume wanaotumia simu moja. Akaja aliyepoteza laini na kupata namba mpya. Mwisho ikatokea namba iliyofungwa ikauzwa kwa mtu mwingine, ambaye naye akajiunga na kikundi, na mzee mmoja akanijia na SMS ya salio ambalo halikuwa lake. Ilinichukua wiki tatu kutenganisha kumbukumbu zile, nikilinganisha stakabadhi moja baada ya nyingine, na uso wa yule mzee sijausahau. Swali lenyewe lilikuwa la dakika tano: je, kila mwanachama ana simu yake, na atakuwa nayo mwakani?

Kwa chama chetu maswali ya kubadili mchoro yalikuwa 14. Nitataja machache. Fedha inakuwa ya chama lini? Nani anaweza kurekebisha kosa, na kosa la zamani libaki likionekana? Mwanachama asiye na kitambulisho cha taifa anasajiliwaje? Riba inakokotolewa kwa salio linalopungua au kwa mkopo wa awali, na kanuni ikibadilishwa na mkutano mkuu, mikopo ya zamani inabaki na ya zamani? Umeme ukikatika, ofisi inaendelea kupokea fedha au inafunga? Taarifa za wanachama zitakaa kwenye seva ya ndani au ya nje ya nchi? Hili la mwisho Tanzania lina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nyuma yake, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, kwa hiyo si suala la bei ya seva peke yake.

Lipo pia la saa, ambalo wageni wa lugha yetu hawalifikirii na sisi wenyewe tunalisahau tukiwa kwenye kompyuta. Mtumishi akiandika kwamba fedha imepokelewa saa 2, ni saa mbili asubuhi ya kwetu au saa nane mchana? Kwenye zahanati yenye zamu za usiku, kosa hilo linahamisha dozi ya dawa kwa saa 6 nzima. Amua mapema mfumo uhifadhi saa kwa namna moja na skrini ionyeshe asubuhi, mchana au usiku.

Na maswali yasiyobadili kitu? Nembo ikae wapi kwenye stakabadhi, ripoti itoke kwa PDF au Excel, SMS ianze na "Ndugu mwanachama" au na jina. Timu ya kwanza ilikuwa imetenga siku 4 za ripoti peke yake.

Nilichowaambia bodi

Niliwashauri wachukue timu ya kwanza, ila kwa masharti. Wiki 6 zishuke hadi siku 9 za kazi, zikiongozwa na yale maswali 14, na angalau siku 5 kati ya hizo watu wao wakae ofisini, Ijumaa ya kuhesabu sanduku ikiwemo. Ndani ya siku hizohizo mmoja wao aunganishe mfumo mtupu na mazingira ya majaribio ya mtoa huduma wa fedha, atume malipo, azime seva katikati, aone kinachotokea. Mwisho wa siku 9 walete karatasi mbili: majibu, na mchoro unaotokana na majibu. Programu iwe moja, kanzidata moja, ila ndani yake mikopo, akiba na hisa vitenganishwe kwa mipaka iliyo wazi, ili siku moja kimojawapo kikihitaji kutolewa kiweze kutoka.

Kwa nini si timu ya pili, ambayo ilijua zaidi kuhusu malipo? Kwa sababu nilipowauliza wataondoa nini kwenye mchoro kama chama hakitazidi wanachama 1,000, walijibu hawataondoa kitu. Mchoro usiopungua hata ukipewa taarifa mpya umechorewa mteja mwingine. Wale wa kwanza walipoambiwa wapunguze wiki, walikubali siku hiyohiyo na wakauliza Ijumaa wafike saa ngapi.

Tulikosea pia. Hakuna aliyeuliza gawio la hisa linagawanywaje kwa mtu aliyejiunga katikati ya mwaka, na mwezi Desemba jambo hilo likatuangukia. Marekebisho yalichukua siku 2, kwa kuwa kila tukio lilikuwa kwenye leja na tarehe yake, tukahesabu upya tu. Kwa mfumo wenye safu ya salio peke yake, tarehe zile zisingekuwepo.

Kwenye skrini, muamala unaosubiri Ijumaa unaitwa Penseli, na uliothibitishwa unaitwa Wino. Mama mweka hazina ndiye aliyeyachagua majina hayo.

Kwa hali yako

Kama kazi ni ya aina ambayo timu yako imeshaijenga mara mbili au tatu, anza na mchoro, na uchambuzi uwe wa kutafuta tofauti tu: hapa kuna kitu gani ambacho kule hakikuwepo? Siku 2 au 3 zinatosha.

Kama kazi haijawahi kuingia kwenye kompyuta, kaa na wenye kazi kwanza, na ukae nao siku yao ngumu kuliko zote: mwisho wa mwezi, siku ya kliniki, siku ya mnada. Siku tulivu hazikuonyeshi kitu.

Kama unabadilisha mfumo wa zamani, usihoji mtu yeyote kabla hujafungua data zake. Chukua nakala, jaribu kuihamisha yote kwenye umbo jipya, uone nini kinakataa kuingia. Utakuta safu ya maoni iliyogeuzwa kuwa sehemu ya kuandika namba ya mdhamini, utakuta wanachama wenye tarehe ya kuzaliwa 01/01/1900. Kila kinachokataa ni swali, na ndipo uwafuate watu, ukiwa na safu husika mkononi. Hapa uchambuzi na usanifu vinafanyika kwa tendo moja, na sijaona njia ya haraka zaidi.

Kama hofu yako kubwa iko kwa mtu wa nje, yaani mtoa huduma ya malipo, mashine ya serikali ya kutoa risiti au kifaa cha maabara, weka vyote pembeni ujenge kipande kidogo kinachozungumza nacho. Kisipokubali kuzungumza, mengine yote yanasubiri.

Na kwa wewe unayelipa: mkataba wa uchambuzi uwe peke yake, na malipo yake peke yake, na karatasi zile mbili ziwe mali yako hata ukiamua ujenzi ufanywe na timu nyingine. Chama chetu kilifanya hivyo kwa sehemu ya kumi ya gharama yote. Timu ikijua kwamba inaweza kulipwa na kuachwa baada ya siku 9, huandika majibu yanayoeleweka na mtu ambaye hakuwemo chumbani.